JAMAA YA KAMBARE
Jinsi wataalamu wanavyowapanga samaki wenye sharubu, na faida ya elimu hiyo kwa mwenye bwawa

Mvua kubwa zinapoanza kunyesha juu ya msitu wa Mau, mito ya nchi ya chai hubadilika rangi. Itare, Chemosit na Kipsonoi hujaa hadi kingoni, na maji yake hukutana huko chini na kufanya Mto Sondu. Upande wa Bomet, Nyangores na Amala hushuka vivyo hivyo, zikaungana na kuwa Mto Mara. Mwisho wa mito hiyo yote ni Ziwa Viktoria.

Katika siku hizo za mafuriko, watu wakaao kando ya mabonde ya chini huweza kuona jambo la ajabu. Samaki mweusi, asiye na magamba, mwenye kichwa kipana na sharubu ndefu, hujiburura katika majani yaliyofunikwa na maji kidogo tu, akitafuta mahali pa kutaga mayai. Samaki huyo ni kambare. Jirani zetu Waluo humwita mumi.

Watu wengi huamini mambo mawili juu ya kambare. La kwanza, kwamba kila samaki wa mtoni mwenye sharubu ni kambare. La pili, kwamba kila kambare mdogo ni mtoto wa kambare mkubwa. Mambo yote mawili si kweli, na mtu anayeyashika huweza kupoteza fedha na kazi ya mwaka mzima. Katika somo hili tutaeleza kwa nini.

MZEE NA BWAWA LAKE

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana shamba dogo la chai, na chini ya shamba lake kuna bonde lenye maji. Amesikia kwamba samaki wana faida, akachimba bwawa. Wakati wa kutafuta vifaranga vya samaki aliona ya nini kulipa fedha, na huku kinamasi kilicho karibu kimejaa kambare wadogo. Basi akawapa vijana ndoo, wakamletea samaki mia mbili wenye urefu wa kidole. Akawatia bwawani, akawalisha pumba na dagaa waliosagwa kwa muda wa miezi minane.

Siku ya kuvua ilipofika, alimwita Bwana Samaki aje kushuhudia. Maji yakatolewa. Samaki walikuwa wengi na wenye afya, lakini hakuna hata mmoja aliyezidi shubiri moja.

Mzee akasema, "Bwana, nimewalisha vizuri. Mbona watoto hawa hawakui?"

Bwana Samaki akamchukua mmoja, akampasua tumbo, akamwonyesha mayai yaliyojaa ndani. Akasema, "Mzee, hawa si watoto. Hawa ni watu wazima. Umefuga kambare wa namna nyingine, ambao ukubwa wao ndio huu."

Mzee huyo hakuwa mvivu, wala hakuwa mchoyo wa chakula. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliwapanga samaki kwa ukubwa, badala ya kuwapanga kwa ukoo.

CHEKECHEKE NA UKOO

Mfanyakazi wa kiwanda cha chai aijua vizuri kazi ya kupanga vitu kwa ukubwa. Majani yakisha kukatwa, kuchachuka na kukaushwa, hupitishwa katika machekecheke, yakatoka madaraja mbalimbali: BP1, PF1, na mengine hadi lile la vumbi. Lakini chai hiyo yote huweza kuwa imechumwa katika kichaka kimoja siku moja. Chekecheke halijui ukoo. Lajua ukubwa tu.

Kuna upangaji wa namna nyingine, nao waeleweka sana katika nchi ya Wakipsigis. Mgeni akifika kwa mzee, huweza kuulizwa ukoo wake, yaani oret. Haulizwi urefu wake. Mtu mrefu na mtu mfupi huweza kuwa wa ukoo mmoja, na watu wawili wanaofanana kwa sura huweza kuwa wa koo mbali. Kila ukoo una alama yake, kama mnyama au ndege, na vijana wa ukoo mmoja hawaoani. Kwa hiyo kujua ukoo ni kujua mtu ametoka wapi, ni nani ndugu zake, na mambo gani yamfaa.

Wataalamu wa viumbe hufuata njia hii ya pili. Huuliza: samaki huyu ametoka katika uzao gani? Ndugu zake wa karibu ni nani, na wa mbali ni nani? Ili kupata jibu, hutazama mifupa, mapezi, meno, sharubu na viungo vya ndani, na siku hizi husoma pia chembechembe za urithi zilizomo katika mwili wa kila kiumbe.

NGAZI YA MAJINA

Mtu aliyeweka msingi wa kazi hii alikuwa Carl Linnaeus, mwalimu wa Uswidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1758 alimpa kila mnyama jina la maneno mawili ya Kilatini. Neno la kwanza hutaja jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu. Neno la pili hutaja spishi, yaani namna moja hasa ya kiumbe, ambayo huzaliana yenyewe kwa yenyewe. Juu ya jenasi kuna jamaa, na juu ya jamaa kuna makundi makubwa zaidi.

Kambare mkubwa wa mito yetu hupangwa hivi, tukianza juu na kushuka chini:

1. Himaya: Animalia, yaani wanyama wote.
2. Faila: Chordata, humo wamo wanyama wote wenye uti wa mgongo.
3. Ngeli: Actinopterygii, samaki wenye mapezi yaliyoshikwa na vijiti vyembamba vya mfupa.
4. Oda: Siluriformes, samaki wenye sharubu wasio na magamba.
5. Jamaa: Clariidae, jamaa ya kambare.
6. Jenasi: Clarias.
7. Spishi: Clarias gariepinus.

Msomaji asiogope majina hayo. Mkulima wa chai hulitumia jina la namna hiyo bila kujua, maana kichaka anachokichuma huitwa Camellia sinensis mahali pote duniani. Mtu wa Kericho akiliandikia barua shamba la India au la Uchina, jina hilo litaeleweka bila mkalimani. Ndivyo ilivyo kwa samaki. Huku aitwaye kambare ni mumi kwa Waluo, na kila kabila la Afrika lina jina lake. Lakini Clarias gariepinus ni mmoja, kutoka Misri hadi Afrika Kusini.

ALAMA ZA JAMAA YA KAMBARE

Oda ya samaki wenye sharubu ni kubwa sana. Spishi zake zapita 3,000, na wengi wao hukaa katika maji yasiyo na chumvi. Ndani ya oda hiyo, jamaa ya Clariidae ni ndogo kiasi. Ina jenasi kama kumi na tano na spishi zaidi ya mia moja, nao wanapatikana Afrika na Asia tu.

Mtu atamjuaje samaki wa jamaa hii? Atazame alama nne.

Kwanza, sharubu. Kambare ana jozi nne, yaani sharubu nane. Kwa sharubu hizo hupapasa na kuonja chakula katika maji ya tope ambamo macho hayafai kitu.

Pili, pezi la mgongoni. Ni refu, laini, lisilo na mwiba mbele, nalo huanza nyuma kidogo ya kichwa na kwenda hadi karibu na mkia. Mwiba mkali upo katika mapezi ya kifuani, na huo ndio unaomchoma mtu anayemshika ovyo. Ndio pia unaomsaidia kambare kujisukuma anapopita nchi kavu.

Tatu, kichwa. Ni kipana, kimebapa, na juu yake kuna mifupa migumu kama kofia ya chuma.

Nne, na hii ndiyo alama kubwa kuliko zote, ni kiungo cha kupumulia hewa. Juu ya matamvua, pande zote mbili za kichwa, kuna chumba kidogo. Ndani ya chumba hicho mna vitawi vyekundu vilivyojaa damu, mfano wa mti mdogo wenye matawi mengi. Kambare hupanda juu ya maji, akameza funda la hewa, na vitawi hivyo huifyonza. Kwa hiyo huweza kuishi katika kinamasi ambacho samaki wengine wangekufa, na huweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi maadamu ngozi yake haijakauka.

Lakini mwenye bwawa na akumbuke neno hili: kifaranga aliyeanguliwa karibuni hana kiungo hicho bado. Huanza kukitumia baada ya majuma kadhaa. Kabla ya hapo hutegemea matamvua peke yake. Watu wengi hubeba vifaranga wachanga katika mtungi uliojaa kupita kiasi, kwa kuwa wamesikia kwamba kambare hafi upesi, na wakifika nyumbani hukuta wote wamekufa.

KAMBARE MKUBWA NA KAMBARE WADOGO

Sasa turudi kwenye bwawa la yule mzee. Katika bonde la Ziwa Viktoria haimo spishi moja tu ya Clarias. Yumo Clarias gariepinus, ambaye hupita urefu wa mita moja akipata nafasi na chakula. Lakini wamo pia ndugu zake wadogo: Clarias alluaudi, Clarias liocephalus na Clarias werneri. Hao wakifika urefu wa sentimita thelathini hivi, ndio mwisho wao, na wengi hawafiki hapo. Hukaa katika vinamasi, mifereji na vijito, mahali pale pale ambapo vijana huenda kutega na kuchota kwa ndoo.

Kambare wadogo si samaki wabaya. Huliwa, nao hutumiwa kuwa chambo cha kuvulia sangara ziwani. Lakini mtu akiwafuga akitumaini kuvuna samaki wa kilo moja, atangoja bure.

Namna ya kuwatambua ni hii. Tazama kwanza nafasi iliyopo kati ya mwisho wa pezi la mgongoni na mwanzo wa mkia. Kwa gariepinus nafasi hiyo yaonekana wazi. Kwa wadogo pezi hufika karibu sana na mkia. Kisha papasa juu ya kichwa cha samaki mzima. Kichwa cha gariepinus ni kikubwa na kina chembe ngumu zinazokwaruza kidole. Cha liocephalus ni laini, na jina lake lenyewe kwa Kiyunani maana yake ni kichwa laini. Mwisho, mfungue matamvua. Upande wa ndani kuna vijino mfano wa kitana. Gariepinus anavyo vingi, vyembamba, vimesongamana. Wadogo wanavyo vichache vilivyoachana.

Alama moja peke yake haitoshi. Gariepinus aliyekaa katika maji ya baridi au bwawa lililojaa kupita kiasi huweza kudumaa akafanana na mdogo kwa kimo. Na kichwa cha kifaranga wa gariepinus ni laini bado. Ndiyo sababu wataalamu hutazama alama nyingi pamoja, na ndiyo sababu vifaranga vya kidole kimoja si rahisi kuvitambua kwa macho. Njia ya salama ni kuwajua wazazi.

JINA LILILOBADILIKA

Wako watu wanaodharau majina ya kitaalamu kwa sababu hubadilika. Mtu aliyesoma vitabu vya samaki vya Afrika ya Mashariki vya miaka ya 1950 aliona kambare wetu mkubwa akiitwa Clarias mossambicus. Leo jina hilo halitumiki tena. Je, samaki amebadilika?

La, samaki ni yule yule. Mambo yalikuwa hivi. Mwingereza William Burchell alisafiri kusini mwa Afrika, na katika kitabu chake cha mwaka 1822 alimwandika kambare wa huko. Alimpa jina la mto ambao wenyeji waliuita Gariep, nao ndio unaoitwa pia Mto Orange. Mwaka 1840 Mfaransa Achille Valenciennes akamwandika kambare wa upande wa kaskazini kwa jina la lazera. Mwaka 1852 Mjerumani Wilhelm Peters akamwandika kambare wa Msumbiji, akamwita mossambicus. Kila mmoja alidhani kwamba amepata samaki mpya.

Baadaye mtaalamu wa Ubelgiji, Guy Teugels, aliwakusanya kambare wengi kutoka nchi nyingi za Afrika, akawapima mmoja mmoja, na mwaka 1986 akatoa kitabu chake. Aliona kwamba gariepinus, lazera na mossambicus ni spishi moja. Sheria ya wataalamu ni kwamba jina la kwanza kuandikwa ndilo lishikwalo. Kwa hiyo jina la mwaka 1822 likabaki, na mengine yakaachwa.

Jambo hili lilikuwa na faida kwa mfugaji. Zamani mtu wa Kenya aliyesoma habari za ufugaji wa lazera huko Misri au Afrika ya Kati, angeweza kudhani hazimhusu. Tangu hapo ilijulikana kwamba mafundisho hayo yote ni juu ya samaki mmoja, naye ndiye aliye katika mito yetu.

WENYE SHARUBU WASIO KAMBARE

Tulisema mwanzo kwamba si kila mwenye sharubu ni kambare. Katika bonde la Ziwa Viktoria zimo jamaa nyingine za oda hiyo hiyo.

Yuko seu, ambaye jina lake ni Bagrus docmak, wa jamaa ya Bagridae. Huyu ana pezi fupi la mgongoni, na nyuma yake pezi jingine la mafuta, nene na laini. Yuko sire, wa jamaa ya Schilbeidae, mwembamba wa pande kama aliyebanwa kati ya vibao viwili. Yuko okoko, wa jenasi ya Synodontis katika jamaa ya Mochokidae, mwenye miiba mikali mgongoni na kifuani, na sharubu za chini zenye vitawi.

Katika vijito vya juu, penye mawe na maji ya mbio, hukaa samaki wadogo wasiojulikana na wengi. Wa jenasi ya Chiloglanis, katika jamaa hiyo hiyo ya Mochokidae, ana mdomo ulio chini ya kichwa mfano wa kikombe. Huufyonza kwenye jiwe akashikilia, mto usimchukue. Wa jenasi ya Amphilius, katika jamaa ya Amphiliidae, ana tumbo lililobapa na mapezi mapana ya kulalia juu ya mawe. Samaki hawa hawana chumba cha hewa cha kambare. Hutegemea maji safi, ya baridi, yanayokwenda mbio. Udongo ukimomonyoka kutoka mashambani na barabarani ukafunika mawe, wao hukosa makao na chakula. Kwa hiyo mtu akiinua jiwe katika kijito akamkuta samaki wa namna hiyo amejibandika chini yake, na ajue kwamba kijito hicho kingali na afya. Asipomkuta tena mahali alipozoea kumkuta, na autazame ukingo wa mto wake.

Hata ndani ya jamaa ya kambare yuko aliyepata msiba. Mwaka 1928 Mwingereza J. R. Norman alimwandika kambare mdogo wa maji ya kina ya Ziwa Viktoria, ambaye leo huitwa Xenoclarias eupogon. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Yeye hakupanda juu kupumua kama ndugu zake, bali alikaa chini gizani. Tangu sangara alipoingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na maji ya chini yakazidi kukosa hewa, kambare huyo amekuwa haonekani. Shirika la kimataifa la kuhifadhi viumbe limemwandika katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kama asingalipewa jina na kuandikwa, angepotea bila mtu yeyote kujua kwamba aliwahi kuwapo.

MAU NI MPAKA

Liko jambo jingine ambalo wakaaji wa nchi ya chai hawana budi kulijua. Milima ya Mau huyagawa maji. Yanayoshuka magharibi na kusini-magharibi huenda Ziwa Viktoria. Yanayoshuka upande mwingine huingia Mto Njoro na kwenda Ziwa Nakuru, au Mto Ewaso Ng'iro wa kusini na kwenda Ziwa Natron. Samaki hawezi kuvuka mlima. Kwa hiyo samaki wa vijito vilivyotengana miaka maelfu na maelfu hugeuka kidogo kidogo, hata wakawa spishi mbali.

Mambo haya si hadithi za kale. Mwaka 2015 wataalamu, mmojawapo akiwa ni wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walitangaza spishi mbili mpya za Chiloglanis katika nchi yetu. Mmoja aliitwa kerioensis kwa ajili ya Mto Kerio. Wa pili, wa Ewaso Ng'iro ya kaskazini, aliitwa devosi kwa heshima ya Luc De Vos, aliyekuwa mtunzaji wa samaki katika makumbusho hayo. Samaki hao walikuwa wakikaa hapo siku zote. Lililokosekana ni jicho la kuwatofautisha.

Basi mtu achukuaye ndoo ya samaki upande mmoja wa Mau na kuimwaga upande wa pili, huvunja kwa dakika moja mpaka uliowekwa kwa miaka isiyohesabika. Kambare mkubwa ni mlaji wa kila kitu. Akiingizwa katika kijito ambamo hakuwamo, huwala wadogo waliomo, na hakuna mtu awezaye kumtoa tena.

MAMBO YA KUFANYA

Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa ya samaki: mabwawa 200 katika kila jimbo, katika majimbo 140, kila bwawa lenye mita za mraba 300. Watu wengi wa bara ambao hawakuwa na desturi ya kula samaki walianza kufuga wakati huo. Mabwawa mengine yalidumu na mengine yakaota majani. Anayetaka kufuga kambare leo na ayashike mambo haya.

Usiokote mbegu kinamasini. Nunua vifaranga mahali pa kuangulia panapotambuliwa na Idara ya Uvuvi, uulize wazazi wao ni Clarias gariepinus, na uombe kuwaona. Mkulima wa chai hapandi mche asioujua. Huuliza kama ni ule wa 6/8 au mwingine. Na awaulize samaki swali lile lile. Kuuliza si ujinga.

Pima maji yako. Kambare mkubwa hukua upesi maji yakiwa na joto la nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi. Mji wa Kericho uko juu kiasi cha mita 2,000, na bwawa lililo katikati ya chai huwa na baridi. Mtu wa Soin au wa sehemu za chini za Chepalungu ana nafasi nzuri kuliko ndugu yake wa juu. Wa juu na apate shauri la Bwana Samaki kabla ya kuchimba.

Wachague kwa ukubwa mara kwa mara. Hapa ndipo chekecheke lina kazi yake. Kambare wa mama mmoja hawakui sawa, na aliyetangulia huwala wenzake. Watenge wakubwa na wadogo.

Wajue wanunuzi wako. Wako watu ambao kwa imani yao hawali samaki asiye na magamba, kwa kufuata maneno ya Mambo ya Walawi, sura ya 11. Oda yote ya Siluriformes haina magamba ya kawaida ya samaki. Ukiwa na majirani wengi wa namna hiyo, tafuta soko kabla ya kujaza bwawa.

Mwisho, usimwage samaki wa bwawani mtoni, wala usihamishe samaki wa mto huu kwenda mto ule.

Ukiyashika hayo, siku utakapotoa maji ya bwawa lako hutahitaji kuuliza mbona watoto hawakui. Utakuwa umekwisha kujua tangu siku ya kwanza ni watoto wa nani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kuna tofauti gani kati ya kupanga samaki kwa ukubwa na kuwapanga kwa ukoo?
2. Taja alama nne za jamaa ya Clariidae.
3. Kwa nini haifai kubeba vifaranga wachanga wengi katika mtungi mmoja?
4. Jina la Clarias mossambicus liliachwa kwa sababu gani?
5. Kambare mwenye urefu wa shubiri moja ana mayai tumboni. Utatazama alama gani nyingine kabla ya kusema ni wa spishi gani?